Jiki Chooni kwa Lepeka

Moelagi alikagua nyumba kwa pua kabla ya macho. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wanawake ya Matafusi, kijiji kimoja cha pwani katika kisiwa cha Savai'i, na kila baada ya miezi mitatu kamati ilipita nyumba kwa nyumba, wanawake wote wamevaa sare ya kijani, kuangalia majiko, mikeka, mashuka na vyoo. Wenzake walifunua mashuka na kuinua vifuniko vya sufuria. Yeye alisimama mlangoni akavuta pumzi. Nyumba ikinuka jiki, uso wake ulilainika. Isiponuka, mwenye nyumba alijua mapema kwamba siku yake imeharibika.

Wanawe wawili walioko Auckland walikuwa wakimletea jiki kwa madumu, pamoja na nyama za kopo na nguo za kanisani. Aliloweka nayo vitambaa vya jikoni, akaoshea baraza na kuta, akasugulia mbao za kukatia magimbi, akapangusia hata kiti cha mumewe. Apisaloma, huyo mumewe, alikuwa mkuu wa ukoo wao na msemaji hodari wa baraza la kijiji. Miaka nenda miaka rudi alikula magimbi yenye ladha ya mbali ya jiki, na hakusema neno, maana alijua jambo hilo lilikotoka.

Lilitoka mbali. Moelagi alipokuwa na miaka ishirini na tatu, homa ya matumbo iliingia Matafusi ikamchukua mtoto wake wa kwanza, msichana wa miezi kumi na moja. Bwana afya alikuja na ndoo. Akamwaga jiki jikoni, chooni, na juu ya mikeka mpaka rangi zikatoka. Hakumlaumu mtu, alifanya kazi yake akaondoka. Lakini majirani walikuwa wamesimama barabarani wakitazama nyumba hiyo moja ikimwagiwa dawa, na Moelagi, amesimama katikati ya uwanja wake huku maziwa yakimlowesha blauzi, akaelewa kitu ambacho hakuna aliyekitamka: kwamba mtoto ameuawa na uchafu wa mama yake. Siku ile ni jirani mmoja tu aliyevuka barabara na kuja kukaa naye, mwanamke wa rika lake aitwaye Lepeka. Wakawa marafiki wa kusuka mikeka pamoja kwa miaka thelathini na tano.

Huyo Lepeka alikuwa na mwana, Fetuao, na Fetuao alioa msichana wa kisiwa cha pili, Upolu. Jina lake Talaitupu. Kabla ya kuolewa Talaitupu alikuwa amefanya usafi katika hoteli moja ya ufukweni kwa miaka sita, vyumba kumi na viwili kwa siku. Alikuja Matafusi na kifua kinachobana akivuta harufu kali, na mikono iliyochubuka kama ya mtu mzima sana. Alikuwa mke wa kuja, na mke wa kuja huko ana mahali pake: anaamka wa kwanza, anapika, anahudumia wageni wa mumewe, na kwenye mikutano anakaa nyuma karibu na birika. Alimzaa Sina, mtoto mwenye maswali mengi, akamtunza mama mkwe wake vizuri. Kijiji hakikuwa na neno juu yake.

Ukaguzi wa mwezi wa tano ulipofika kwa Lepeka, Moelagi alisimama mlangoni akavuta pumzi. Alisikia harufu ya sabuni, na ya mikeka iliyoanikwa juani, na ya majani ya mlimau. Jiki hakuna. Akavuta tena. Nyuma yake wenzake walikuwa wameshaingia na walikuwa wakinong'onezana kwa kusifu, maana ungeweza kula chakula juu ya sakafu ile.

"Nyumba hii imefagiliwa," Moelagi alisema. "Haijasafishwa."

Talaitupu, akiwa amepiga magoti kwa heshima, alieleza kwamba kila kitu kimeoshwa kwa maji ya moto na sabuni, na kwamba jiki aliiacha kwa sababu ya kifua chake na cha mama mkwe. Angeishia hapo yangekwisha. Lakini aliongeza, kwa sauti ya chini na bila jeuri yoyote, kwamba kule hotelini walifundishwa kuwa jiki haiondoi uchafu. Uchafu unaondolewa na sabuni na mkono, na jiki ukiimwaga juu ya uchafu inapotea bure.

Wanawake wakatazama chini. Mke wa kuja alikuwa anamfundisha mwenyekiti kazi.

"Mwanangu," Moelagi alisema akitabasamu, "hotelini mnamsafishia mzungu anayeondoka kesho. Sisi hapa tunaishi."

Wakacheka, na kicheko hicho kilimnogea Moelagi. Kwenye mkutano wa alasiri aliisoma nyumba ya Lepeka kuwa ya mwisho kabisa kwa usafi, chini hata ya nyumba ya mjane Tusipa aliyekuwa akifuga nguruwe karibu na jiko. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi atakwenda mwenyewe kukisafisha choo cha nyumba hiyo, na wasichana wote walioolewa karibuni waje kujifunza. Lepeka, uso umemwiva kwa aibu ya nyumba yake, alisimama akamshukuru.

Jumamosi walikuja wanawake kumi na mmoja wakajaa barazani. Moelagi alifika na dumu lake mkononi. Talaitupu alikuwa ameamka mapema kujaribu kujiokoa: maji ya bomba ya pale huacha ukoko mgumu wa rangi ya kutu kwenye bakuli la choo, naye alikuwa amemwaga dawa ya kuutoa, ya chupa ya buluu, ili wageni wakute bakuli linang'aa. Ilitakiwa ikae saa nzima. Wageni wakafika kabla ya saa.

Akamfuata Moelagi kwenye ujia mwembamba unaokwenda chooni. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama, samahani," alisema. "Nimetia dawa ya ukoko kwenye bakuli. Ile yenye asidi. Bado sijavuta maji. Tafadhali tusuuze kwanza kabla hujatia jiki, hizo mbili zikikutana ni sumu."

Moelagi alisikia kila neno. Baadaye alijaribu mara nyingi kujiambia kwamba hakusikia vizuri, kwamba barazani kulikuwa na kelele, na kila mara sauti ile ya msichana ilimrudia safi kabisa, pamoja na lile neno sumu. Alichofikiri wakati ule ni kimoja tu, kwamba binti huyu anatafuta ujanja wa kumzuia mbele za watu.

"Nenda kawape wageni chai," alimwambia.

Talaitupu alisitasita. Halafu akaenda kuwapa wageni chai, kama mke wa kuja anavyofanya akiambiwa.

Lepeka akaja na brashi yake. Hakutaka rafiki yake ainame peke yake katika choo cha nyumba yake. Kilikuwa choo kidogo cha saruji, na kidirisha chake cha vioo kilikuwa kimekwama kwa kutu tangu msimu wa vimbunga. Moelagi alifungua dumu akamwaga karibu nusu, huku akipaza sauti ili walioko barazani wasikie anavyoeleza. Bakuli likachemka kama soda. Lepeka, ambaye alikuwa ameshainama anasugua, alisema macho yanamchoma.

"Ndiyo harufu ya usafi hiyo, shoga. Vumilia."

Hapo mke wa mchungaji akamwita kutoka barazani, ana neno kuhusu maua ya kanisani. Moelagi akatoka. Na alipotoka aliuvuta mlango nyuma yake ukajifunga, ili dawa isipotee nguvu.

Hayakuwa mazungumzo marefu. Walikuwa hawajamaliza suala la maua waliposikia kukohoa, kukohoa kusiko na nafasi ya kuvuta pumzi katikati, kisha kishindo. Talaitupu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Alitupa birika chini. Lakini Moelagi alikuwa karibu zaidi na mlango, akaufungua, moshi usioonekana ukamkamata koo kama mkono. Akajifunika blauzi puani, akamshika Lepeka kwapani, akamburuta mpaka uwanjani. Lepeka alikuwa na midomo ya rangi ya zambarau, na povu.

Walimpakia kwenye pikapu ya duka. Hospitali ya wilaya walimwekea oksijeni ya mtungi, na daktari, kijana aliyeonekana hajalala, alitoka kuuliza mgonjwa alivuta nini. Moelagi alijibu kwamba ni jiki tu. Daktari akasema jiki peke yake haifanyi hivi. Ndani ya bakuli kulikuwa na nini kingine? Talaitupu akasema kulikuwa na dawa ya ukoko, akaitaja kwa jina.

"Na aliyetia jiki aliambiwa?" daktari aliuliza.

"Nilimwambia Mama," Talaitupu alisema.

Wote wakamtazama Moelagi. Fetuao alikuwepo, ameletwa kutoka shambani na matope miguuni. Mke wa mchungaji alikuwepo. Moelagi akauangalia ule mtungi wa oksijeni kupitia mlango ulio wazi, akayasoma maandishi yake ambayo hakuyaelewa.

"Sikusikia kitu, daktari," alisema. "Kulikuwa na kelele. Hatukuambiwa."

Fetuao alimgeukia mkewe akamwambia, si kwa ukali, kwamba anyamaze, asiwatupie wakubwa kosa lake. Talaitupu hakulia. Alimwangalia Moelagi mara moja tu, kwa mshangao zaidi kuliko hasira, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Mambo yakaenda yenyewe baada ya hapo. Moelagi hakuhitaji kusema uongo mara ya pili. Kijiji kilisimuliana kwamba mke wa Fetuao aliacha sumu chooni bila kumwambia mtu, kwa ubishi wake wa hotelini, na kwamba mwenyekiti alimtoa Lepeka mle kwa mikono yake. Wengine walisema huenda hata alikusudia. Siku ya nne ukoo wa Fetuao ukakaa, wakaamua msichana aende kwao akapumzike kwanza mpaka mama apone. Moelagi alikuwa barazani kwake akipepeta maharage, akawaona wakipita kwenda kituoni: Talaitupu na begi, Sina mgongoni. Msichana alimwamkia kama adabu inavyotaka. Moelagi akaitikia. Kisha akaingia ndani akakaa sakafuni nyuma ya kabati, mahali ambapo mtu hawezi kumwona kutoka barabarani.

Jumatano iliyofuata idara ya afya ikamtuma nesi azungumze na wanawake. Aliitwa Ualesi, mwanamke mnene asiye na haraka. Moelagi kama mwenyekiti ilimbidi afungue kwa sala, akakaa mbele kabisa, na nesi akaanza kwa kusema kwamba hajaja kugombeza. Aliuliza nani ana jiki nyumbani. Mikono yote ikapanda. Nani huitumia kila siku? Mikono mingi. Kwa nini? Wakatazamana, wakamtazama Moelagi.

Nesi akawaeleza taratibu. Jiki si sabuni. Haichukui mafuta wala tope. Kazi yake ni kuua vijidudu, na haiviui vizuri mpaka mahali pawe pameshaoshwa. Kwa sakafu, meza, vyombo na mikeka ya kila siku, sabuni, maji, mkono na jua vinatosha. Jiki ina siku zake: mtu akiharisha au akitapika ndani ya nyumba, hapo osha kwanza, kisha pitisha jiki kidogo iliyochanganywa na maji mengi baridi, madirisha wazi. Na isichanganywe na kitu kingine, hata siku moja. Si dawa ya choo, si siki, si amonia.

Mjane Tusipa, yule wa nguruwe, aliinua mkono. "Kwa hiyo nyumba isiyonuka jiki inaweza kuwa safi?"

"Inaweza," nesi alisema. "Na inayonuka inaweza kuwa chafu. Harufu haikwambii kitu, mama, ila kwamba kuna mtu kamwaga jiki."

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Moelagi alijikuta anauliza swali ambalo hakuwa amelipanga.

"Na homa ya matumbo? Ile ya zamani, ya hapa kwetu?"

Nesi alisema ile anaijua, mama yake mwenyewe alikuwa nesi wakati huo. Ilitoka kwenye kijito walichokuwa wanachotea maji kabla ya bomba. Waligundua baadaye. Nyumba walizomwagia dawa, nyingi zilikuwa safi tu; tatizo lilikuwa majini.

Aliyasema hayo kama mtu anayejibu swali dogo, akaendelea na mengine. Moelagi alibaki na mikono mapajani. Miaka thelathini na tano alikuwa amelibeba lile jambo, na sasa mtu alikuwa amemtua, na hakusikia wepesi. Alisikia aibu nyingine ikipanda, mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza. Ya kwanza alitwishwa bila kosa. Hii aliitenda mwenyewe, na msichana yuko Upolu akiibeba badala yake.

Hata hivyo hakusema. Alifunga kwa sala, akamshukuru nesi, akampa mkeka wa zawadi.

Lepeka alirudi nyumbani baada ya siku kumi na moja. Alikuwa amepungua, na alikohoa kila alipojaribu kumaliza sentensi. Moelagi akampelekea supu ya samaki. Lepeka alimshika mkono akauweka kifuani kwake, akamshukuru kwa kumtoa mle ndani. Akasema kwa kukatakata kwamba mkwe wake amemvunja moyo. Alimpenda kama bintiye, kumbe alikuwa mtu wa kuacha kitu kama kile bila kusema.

Mkono wa Moelagi ulikuwa bado pale kifuani, na chini yake pumzi ilikuwa ikikwaruza kama chumvi ndani ya kopo.

"Alisema," Moelagi alimwambia.

Lepeka hakuelewa. Moelagi akayarudia maneno ya ujiani moja baada ya jingine, na jibu lake kuhusu chai, na mlango alioufunga. Hakulia, kwa sababu aliona kulia mbele ya Lepeka kungekuwa kuomba kitu. Alipomaliza, Lepeka aliutoa ule mkono kifuani kwake akaurudisha taratibu kwa mwenyewe, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Mlango uliufunga wewe?"

"Mimi."

Lepeka akageukia ukutani. Akasema kwamba yeye yuko hapa, atapona au hatapona, hayo watazungumza wao wawili siku nyingine. Lakini mtoto wa watu amefukuzwa nyumbani kwake. Kisha akamwomba aondoke na ile supu.

Apisaloma alisikiliza yote akiwa kwenye kiti chake, na mkewe alipomwambia anachotaka kufanya, alikataa. Kwenda kukaa chini ya mkeka mbele ya nyumba ya mtu, alisema, ni jambo la damu. Mtu akiua, mtu akibaka, ukoo mzima unakwenda alfajiri kujiinamisha, wakubali hata kupigwa mawe. Si kwa ajili ya choo. Tena kwa watu wadogo kama wale wa kwao Talaitupu, ambao hawana hata jina kubwa barazani. Andika barua, alisema. Au mimi nitazungumza na Fetuao.

"Fetuao sikumfanya kitu," Moelagi alisema. "Na damu ilibaki kidogo tu imwagike, baba."

Apisaloma akasema atakuwa amejivua nguo mbele ya visiwa vyote viwili. Moelagi alimjibu kwamba nguo zenyewe alishazivua hospitalini, ni watu tu hawakuangalia. Alitoa sandukuni mkeka mwembamba wa thamani kuliko yote waliyokuwa nayo, ule wa manyoya mekundu ambao mama yake Apisaloma aliusuka kwa miaka miwili. Mumewe alipomwona anaukunja, aliamka akaenda kuvaa nguo zake za mkutano. Mwanamke mmoja chini ya mkeka si toba, alisema kwa hasira, ni kichaa. Anayekwenda ni ukoo, basi ukoo uende.

Walipanda feri ya kwanza ya asubuhi. Nyumba ya wazazi wa Talaitupu ilikuwa nyumba ya wazi ya nguzo, isiyo na kuta, yenye uwanja wa kokoto nyeusi mbele yake. Moelagi na Apisaloma wakakaa chini katikati ya kokoto zile, wakajifunika mkeka, wakainamisha vichwa.

Chini ya mkeka kulikuwa na joto na harufu ya dawa ya wadudu ya sandukuni. Moelagi alisikia nyumba ikikaa kimya ghafla, sufuria ikiwekwa chini. Akamsikia Sina akiuliza ni nani hao na kwa nini wamejifunika, na sauti ya bibi yake ikimjibu kwamba ni watu wa kwa baba yake, asiwasogelee. Watu walianza kusimama barabarani. Alisikia nyayo zao zikikoma moja moja. Aliijua ile hali. Kokoto zilimwingia magotini. Karibu yake mumewe alikuwa akihema kwa shida, mtu wa miaka sitini na sita mwenye sukari, na Moelagi akafikiri kwamba hata huyu anamwumiza sasa. Jua likapanda. Hakuna aliyekuja. Akaomba moyoni wasije haraka, halafu akaogopa kwamba hata ombi hilo ni namna ya kujisifu, akaliacha.

Zilipita saa mbili na zaidi. Kisha mwanga ukamwingia machoni. Mkeka ulikuwa umeinuliwa. Alikuwa baba yake Talaitupu, Tavita, shemasi mfupi aliyejifunga kiunoni shuka la kazini, lavalava. Hakuwa na uso wa kusamehe. Alisema kwamba amewaacha muda wote huo kwa sababu hakujua wamekuja kwa lipi. Bintiye hakuwasimulia chochote, alisema tu mama mkwe anaumwa. Basi waseme.

Moelagi akasema, pale pale kwenye kokoto, kwa sauti ya kufika barabarani. Mama yake Talaitupu alianza kulia katikati ya maneno, kisha akaondoka asiendelee kusikia. Talaitupu alikuwa amesimama kando ya nguzo, Sina amemshika sketi.

"Ulinisikia?" aliuliza, Moelagi alipofika mwisho.

"Nilikusikia, mwanangu."

"Maneno yote?"

"Yote. Hata lile la sumu."

Talaitupu akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilianza kudhani sikusema," alisema. "Usiku nilikuwa nalala najiuliza, labda niliyasema moyoni tu."

Hilo Moelagi hakuwa amelifikiria. Alikuwa amehesabu kufukuzwa, na masengenyo, na aibu ya wazazi. Hakufikiri kwamba alikuwa amemnyang'anya msichana hata uhakika wa mdomo wake mwenyewe. Akainama mpaka paji la uso likagusa kokoto, na safari hii hakuinama kwa desturi.

Tavita aliupokea mkeka. Akawakaribisha ndani, kaka yake Talaitupu akaleta chai na mkate, na Apisaloma akatoa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Talaitupu hakukaa nao. Alikwenda nyuma ya nyumba na mtoto, na walipoaga hakutokea.

Moelagi aliyasema tena mbele ya kamati, na kwa Fetuao, na kwa yule daktari. Kila mara alidhani itakuwa rahisi zaidi, haikuwa. Mke wa mchungaji alimwambia pembeni kwamba amezidisha, watu wangesahau. Wanawake wengine waliacha kumwamkia. Alijiuzulu uenyekiti, wakamchagua mtu mwingine, na ukaguzi uliofuata ulimkuta nyumbani kwake amepiga magoti mlangoni kama wote. Alikuwa ameosha kila kitu kwa sabuni. Wiki za kwanza nyumba ilimtisha. Alizunguka akinusa, akisugua mara ya pili na ya tatu, kana kwamba kuna mtu atakufa. Dumu lililobaki aliliweka juu kabisa ghalani, akaandika juu yake kwa kalamu: la siku ya ugonjwa tu.

Lepeka hakupona kabisa. Kanisani kikohozi chake husikika kabla ya kwaya. Wanasuka tena pamoja, siku moja moja, na kuna mambo wanayoyakwepa.

Talaitupu alirudi baada ya wiki saba, Fetuao alipokwenda kumfuata mara ya tatu. Yeye na Moelagi walikutana uso kwa uso kwenye bomba la kanisa, kila mmoja na ndoo yake, na hakukuwa na njia ya kupishana. Moelagi alimwuliza hali ya mtoto. Talaitupu akajibu kwamba hajambo, akaufungua mkono wa bomba, akasubiri ndoo ijae.

"Mama, sina kinyongo," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye maji. "Lakini nikikuona tumbo bado linakaza. Sijui litaacha lini."

Moelagi alisema ameelewa. Akasogea hatua mbili nyuma, kumpa nafasi, akangoja zamu yake.